Akaunti Iliyotoweka kwa Listi

Kila miezi mitatu kampuni moja ya madini inatoa listi ya wenye hisa kumi wakubwa, na mimi ndiye nilikuwa nainakili kwa daftari. Chama cha mama, kile cha akiba, kilinunua hisa zake kwa sababu wanataka mashine ya kupoesha maziwa, na mimi ndiye wa Form Four mwenye simu poa. Kazi yangu ilikuwa kuangalia wale wakubwa, watu wa pensheni na bima. Wakiuza, chama pia kinauza.

Wengi wao hata jina hawaweki. Benki inawashikia hisa, kwa hivyo unaona tu namba ya akaunti. Hizo namba nilikuwa nimezishika kwa kichwa.

Juzi nikafungua listi mpya, ile akaunti ya tatu haiko. Mahali pake kuna ingine ngeni. Mimi huyo mgeni sikumjali, nilikuwa naangalia nani ametoka. Nikakimbilia mama.

"Wameuza zote! Tukingoja bei ianguke, mashine msahau."

Sasa chama hakiuzi kitu bila sahihi tatu. Hiyo sheria sijawahi kuipenda. Mama alisaini akiwa amesimama. Katibu, ambaye ni mwalimu, alisaini katikati ya kusahihisha vitabu. Mweka hazina ni mama anayeuza viazi soko la Burnt Forest, na simu hashiki. Ikabidi niende.

Nilimpata akipanga magunia.

"Mama, saini hapa haraka, soko la hisa linafunga saa tisa."

"Hii haraka ulizaliwa nayo ama ulinunua?" Wenzake wakacheka. "Leta hiyo daftari."

Akapangusa mikono kwa leso, akaweka listi ya zamani kando ya mpya.

"Huyu amepotea alikuwa na hisa ngapi?"

Nikamsomea.

"Na huyu mgeni?"

Nikaanza kusoma, katikati nikarudi kwa listi ya zamani. Ilikuwa hesabu ile ile, mpaka tarakimu ya mwisho.

"Kijana, hiyo lori haijatoka sokoni. Imebadilisha namba ya pleti tu."

Nilimpigia broka wetu wa hisa hapo hapo. Akasema ni kawaida, mwekezaji akihamisha hisa zake benki ingine anapata namba mpya. Hakuna kitu kimeuzwa.

Mweka hazina akakunja ile fomu yenye sahihi mbili, akaitia kwa mfuko wa aproni.

"Hii nitakuja nayo kwa mkutano. Wewe ndio utawaeleza."

"Na kazi ya listi?"

"Si bado ni yako? Shika huo upande wa gunia."

Nilifika nyumbani Langas mama akichambua sukuma wiki. Akauliza kama nimepata sahihi ya tatu. Nikamwambia hapana, hisa ziko, na sababu nikamwambia yote. Akaendelea na sukuma yake.

Kwa daftari nimechora safu mpya kando ya namba za akaunti. Hiyo ni ya kulinganisha hesabu ya hisa na listi iliyopita.