Uma wa Baiskeli ya Mwanasha

"Nimekurudishia nzima, nimeiosha mpaka spoku, na bado wataka elfu tatu?" Mwanasha alimwuliza Salimu dukani kwake Ukunda, mkono wake wa kushoto ukiwa umefungwa kwa leso.

Salimu, mwenye baiskeli, alikuwa amemwamkia shikamoo kabla ya kumtoza. Adabu anayo.

"Mama Warda, mkataba wasema ikipata ajali uniletee vile ilivyo, matengenezo ni juu yangu; ukiitengeneza mwenyewe, faini elfu tatu. Sasa uma huu wa mbele, unaoshika gurudumu, si wangu. Nitajuaje kama ule wangu hukuuza?"



Mwanasha ni mjane. Huu mwaka wa tatu apeleka mahamri kwa walinzi wa hoteli Diani kwa baiskeli ya kulipia kila mwezi. Watu walimsema, mwanamke mzima kupanda baiskeli. Mahamri walikula.

Jumanne tuktuk ilimsukuma mtaroni. Mkono ukavunjika, uma ukapinda. Kabla ya kupelekwa hospitali Msambweni, alimwagiza Boga mchomeleaji aitengeneze baiskeli. Huku ndivyo tulivyolelewa: cha mtu hurudi kizima, hata kama uliyevunjika ni wewe. Kumpelekea mwenyewe kitu kimepinda, kina damu, ni kumvunjia heshima. Mkataba hakuusoma. Nani husoma?

"Kama huna, iache hapa," Salimu alisema.

Bila baiskeli, ambayo bintiye Warda angeiendesha mpaka mkono upone, walinzi wangepata mahamri kwingine kufikia Jumatatu. Mwanasha hakulia wala hakubembeleza. "Twende kwa Boga," alisema.

Boga chuma chakavu hakitupi, hukiuza kwa kilo. Alipekua gunia akatoa uma uliokunjika, wenye nambari ambayo Salimu mwenyewe huigonga kwenye baiskeli zake kwa patasi. Salimu aliugeuza. Upande mmoja damu ilikuwa imekaukia. Akamwuliza Boga:

"Kazi yako ilikuwa ngapi?"

"Mia sita pamoja na uma. Mama hajanilipa, nami sijamdai. Mgonjwa hadaiwi."

Salimu akamlipa Boga, kisha akamgeukia Mwanasha. "Elfu tatu nimezifuta. Baiskeli ni yako mwezi huu na ujao, bila malipo. Niwie radhi, mama, kwa lile neno la kuuza."

"Lile ndilo lililoniuma, si mkono."

"Najua."

Mwanasha alijifunga leso upya kwa mkono mmoja, polepole, hakutaka kusaidiwa.

"Haya," alisema. "Nimekuwia radhi."