Kwa Nini Kulwa, Siyo Doto

Niliondoka Bariadi kwa sababu ya sharti la mama mmoja. Mimi na wenzangu kutoka Morogoro tunatafiti chanzo cha baridi yabisi, ugonjwa unaovimbisha viungo na kuvipinda, na tulihitaji damu ya mapacha wa kufanana ambao mmoja anaumwa, mwingine ni mzima. Katika kijiji cha Mwamapalala walikuwepo: Kulwa mgonjwa, Doto mzima. Doto alikubali. Kulwa alituma ujumbe: "Njooni, lakini kwanza mniambie pacha wangu amenifanya nini." Tangu vidole vyake vianze kupinda, hakula tena chakula cha Doto.

Njiani, pamba ikiwa imepasuka nyeupe pande zote, Masanja, dereva wa pikipiki, alinisimulia kisa cha kijijini kwao. Sungusungu, walinzi wa kijiji, waliitikia mwano, lile yowe la hatari, wakamkuta mtu zizini kavaa koti wasilolijua. Wakamcharaza. Kumbe mwenye mji! Koti kaliazima kwa shemeji yake.

"Wakaacha lini?"

"Mkewe alipotoka akasema, 'Mwacheni, huyo mbaya ni wangu!'"

Tulipofika, Kulwa alikuwa kwenye kigoda, mikono mapajani. Doto alikaa mbali, kwenye turubai, akichambua pamba. Kando yake kulikuwa na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, halijaguswa.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mtu wa Morogoro, damu kwenu imeisha?"

Nilicheka, nikaketi. Nikamsimulia kisa cha Masanja, kwani sikuwa na mfano bora. "Mwilini mwako kuna sungusungu, mayu. Kazi yao ni kukamata vijidudu. Lakini vitu vya mwili wenyewe vinaweza kubadilika kidogo, kama mwenye mji aliyevaa koti geni. Walinzi wakavidhania wezi. Wanapiga viungo vyako wakiamini wanakulinda. Kipigo huweza kuanza kimyakimya, miaka mingi kabla ya maumivu."

"Na nani aliyemvalisha mwenye mji hilo koti? Doto?"

"Hapana. Ugonjwa huu hakuna anayemtupia mwenzake."

"Nani, basi?"

"Bado hatujui. Moshi wa tumbaku unahusika kwa baadhi ya watu. Ugonjwa wa fizi nao tunaushuku. Mlichorithi ninyi wawili ni kilekile, lakini yeye ni mzima. Tukilinganisha damu zenu, huenda tukaona njia zilipoachana."

"Kwa hiyo nawe umekuja kuuliza kwa nini mimi, siyo yeye."

"Ndiyo, mayu. Swali lako ndilo letu."

Kulwa aligeukia turubai. "Doto! Njoo unishike huu mkono. Hauwezi kunyooka wenyewe."

Doto alikuja akijifuta nyuzi za pamba. Aliushika mkono wa dada yake kama mtu anayeshika yai. "Nikikuumiza sema."

"Utasikia matusi."

Niliwatoa damu wote wawili. Sikumwahidi Kulwa kwamba utafiti utamponya. Nilimsisitiza asiache dawa za kliniki, maana zinaweza kuwatuliza hao walinzi.

Nilizipanga chupa zao bega kwa bega kwenye sanduku la barafu. Nimejifunza kwamba "sijui" ikisemwa wazi inaweza kumwondolea mtu lawama. Wakati tunawasha pikipiki, Doto alikuwa anamenya karanga, anaziweka kiganjani mwa Kulwa, naye anakula.

"Ukimpata mwenye koti, rudi," Kulwa aliniambia. "Usipompata, rudi vilevile."