Pango la Ghorofa ya Pili

Idalina Bettencourt hakuwa mtu wa kuchelewa. Kiwandani katika mji wa Fall River, alikoshona mapazia tangu usichana wake, wenzake walimtania kwamba saa ya ukutani ndiyo inayomtazama yeye. Kwa hiyo ofisi ya kodi ya jimbo ilipomwandikia kwamba hajapeleka ritani, yaani hesabu ya mapato, ya nyumba ya kupangisha aliyoachiwa na mama yake, alihamaki kama aliyeitwa mwizi. Kisha akakaa kitini akalia, maana barua ilisema kweli.

Mwaka mzima uliopita alikuwa kwenye msiba. Mama yake, Olívia, alizaliwa kisiwani Faial, ng'ambo ya bahari, akamlea bintiye kwa desturi za kijiji chake: mwaka wa kwanza mfiwa huvaa nyeusi, hawashi redio, haendi kwa watu, na pesa haivuki kizingiti cha nyumba ya marehemu. Mama alipofariki, Idalina alishika yote hayo bila kupunguza. Barua zote alizitupia kwenye droo. Na Mzee Amâncio, mpangaji wa ghorofa ya pili, aliposhuka na bahasha yake ya pango, alimjibu pale pale mlangoni, "Sipokei, mzee. Rudi nayo." Basi, akafunga mlango.

Mzee Amâncio alikuwa amekaa juu yao tangu Idalina yuko shule. Hakuwa na mke tena, wala mtoto. Alilima sukumawiki nyuma ya nyumba, akamletea Mama Olívia za kutia kwenye supu, na kila alasiri alishuka kunywa naye kahawa na kubishana ni kisiwa cha nani chenye jibini tamu zaidi. Wiki chache baada ya kurudishiwa bahasha, alihama bila kwaheri. Funguo aliziacha juu ya sanduku la barua. Fadhila za punda ni mateke, Idalina alijisemea, na uchungu huo akakaa nao mwaka mzima.

Idalina alimpelekea barua Gilberto, aliyewajazia watu wa mtaa ritani zao nyuma ya duka la mikate. Gilberto alipandisha miwani.

"Ghorofa ya pili hukupata pango hata mwezi mmoja?"

"Hata mmoja."

"Mpangaji aligoma?"

"Mimi ndiye niliyekataa kupokea. Nilikuwa na msiba. Baadaye akahama."

Gilberto alicheka, akauona uso wake, akaacha. "Dada, serikali haivai nyeusi. Faini utalipa tu. Lakini hili la pango usiwaambie kwa mdomo mtupu. Mtafute mzee aandike mistari miwili: alihama lini, na kwa nini hakulipa."

Idalina alimpata mzee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mji wa jirani wa New Bedford. Njia nzima alikuwa akinoa maneno. Mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, amekonda, amevaa koti ndani ya chumba chenye joto.

"Hujambo, mwanangu? Heri lakini?"

"Heri. Nina karatasi tu, mzee."

Alimweleza. Mzee aliomba kalamu. Aliandika polepole, akamrudishia. Idalina akasoma: *Sikulipa kwa sababu mwenye nyumba alinifukuza.*

"Nani kakufukuza?"

"Wewe. Na sikulaumu, nyumba ni yako."

"Mimi? Lini, mzee? Nilisema nini?"

"Ulirudisha bahasha. Kwetu kisiwani São Miguel, mwenye shamba akilikataa pango lako, hahitaji kusema zaidi. Baba yangu alirudishiwa lake mara moja tu, tukafunga mizigo."

"Ulikuwa msiba, mzee! Kwa desturi ya mama pesa haiingii!"

Mzee aliushika ukosi wa koti lake. "Sasa ningejuaje? Nilikaa na koti hili mwilini siku kadhaa, nikisema atapanda tu, ataniambia, mzee, kaa. Nilikusikia ukitembea huko chini. Hukupanda."

"Mfiwa haendi kwa watu," Idalina alisema. Naye alikuwa akizisikia hatua za mzee juu ya dari, huku na huku. Ndizo zilizokuwa faraja yake pekee.

Alipiga magoti. "Rudi nyumbani. Wewe utakaa chini, mimi nitahamia juu."

Mzee alitikisa kichwa. Muuguzi alikuwa amekwisha kumwambia Idalina mlangoni: moyo umechoka, hatatoka humu. Mzee akaomba karatasi nyingine, akaandika upya: *Sikulipa kwa sababu palikuwa na msiba.* Kisha akatoa bahasha mfukoni mwa koti, ile ile, pembe zimelainika.

"Hii utaipokea?"

Idalina hakuitaka. Lakini kuirudisha kungekuwa kumfukuza mara ya pili. "Naipokea, mzee," alisema, akaishika kwa mikono miwili.

Tangu hapo kila mwezi alikwenda New Bedford kupokea pango, kiasi kidogo alichojipangia mzee mwenyewe, la vyumba ambavyo hangeviona tena. Mzee alilipa hadi alipofariki, Pentekoste ikikaribia. Idalina alivaa nyeusi.

Mwaka uliofuata ritani haikuchelewa. Gilberto aliipitia, akakuna kichwa.

"Dada, ghorofa ya pili ilikuwa tupu. Hili pango limetoka wapi?"

"Haikuwa tupu," Idalina alisema. "Andika."