Shimo la Muzimu

Musinicheke kabla sijamaliza. Mi ndiye ninayetengeneza jukwaa la teatre katika uwanja wa parokia yetu, hapa Kolwezi. Safari hii nilitaka muzimu atokee chini ya udongo, watu washtuke. Nikachimba shimo, nikalizungushia bashi la plastiki ili siri isivuje.

Tata Kabamba, jirani wa nyuma ya ukuta, akaniuliza ninachimba nini.

"Hakuna kitu, tata," nikajibu, najiona mjanja kweli.

Kolwezi hii, mji wa madini! Mtu achimbe nyuma ya bashi, aseme hakuna kitu, nani atamwamini?

Siku ya mchezo uwanja ulijaa. Ngoma ikalia. Muzimu wetu akaruka kutoka shimoni, lakini anakimbia na kumwita mama yake! Nyuma yake kikachomoza kichwa cha Tata Kabamba, taa kwenye paji la uso. Alikuwa amechimba njia chini ya ukuta.

"Mama Ngalula, kobalti iko fasi gani?" akaniuliza.

Nikakiri mbele ya wote: ni shimo la teatre tu. Watu wakacheka mpaka machozi, isipokuwa padri wetu, pale mbele.

"Kweli, mama?" akauliza kwa huzuni. "Hata kidogo hakuna?"