Mabati Kwenye Kiwanja cha Shemeji

Kabla msaada haujafika, nilikuwa na mpango mmoja tu: kurudi Likasi. Nilizaliwa huko, mtoto wa fundi wa kiwandani, katika nyumba yenye bomba la maji uani. Ndoa ndiyo iliyonileta huku kando ya ziwa Tshangalele. Mume wangu alikuwa na mtumbwi, na miaka ya kwanza mtumbwi ule ulitulisha. Kisha samaki wakawa wadogo, nyavu zikawa zinarudi na majani matupu. Akauuza, akaenda Kakontwe, pale pale Likasi, kupasua mawe ya chokaa. Alikuwa akija mwisho wa mwezi, mweupe mpaka kwenye kope, anakohoa. Ananipa kilichobaki, halafu analala mchana kutwa.

Mimi na binti yetu tulibaki katika nyumba ya nyasi, kwenye kiwanja cha kaka yake mkubwa. Nilichoma makaa porini. Siku nyingine nilikausha samaki wa wanawake wengine kwa moshi, na wao wakanipa wale waliovunjika.

Yule shemeji yangu nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kama mume wangu alivyomwita. Hakuwa mtu mbaya. Shamba tulilolima alitupa yeye. Lakini kila asubuhi alipita mbele ya mlango wetu, mikono mgongoni, akitazama nyumba, kuku, hata majivu ya jikoni, nami nilijua anatazama mali yake. Hata mti wa kuni nilipaswa kuuombea ruhusa.

Watu wa msaada walifika wakati wa baridi, vumbi likiwa limejaa njiani. Walipita nyumba kwa nyumba, wakatuuliza tunakula nini, wakatazama paa zetu. Waliporudi walisema familia yetu imo kati ya zilizochaguliwa. Pesa zitaingia kwenye simu, kwa jina la mama wa nyumba, kwa awamu, na hakuna atakayetuamulia matumizi.

"Bure?" nikamuuliza msichana aliyekuwa anatueleza.

"Bure, mama."

"Na kama tunahama? Bwana yangu anatumika kule Kakontwe. Tunataka kupanga chumba mu Likasi, tukae pamoja."

Aliwatazama wenzake, kisha akanijibu polepole, kwa huruma. "Musihame kwanza, mama. Huu musaada ni ya bantu benye banaishi hapa. Kama munatoka mbele ya mwisho, nafasi yenu itaenda kwa bengine."

Nikasema aksanti. Nilirudi jikoni nikakaa kwenye kigoda, sikujua nicheke au nilie. Mahali nilipotaka kutoka, sasa nililipwa nisitoke.

Awamu ya kwanza ilipoingia nilikuwa juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya kanisa, maana ndipo mtandao unaposhika. Siwezi kusema uongo juu ya pesa zile. Nilinunua gunia la unga, godoro, na nikalipa karo ya shule ambayo ilikuwa inamrudisha binti yangu nyumbani kila mara. Tukaanza kula bukari, ugali wetu, mchana na jioni. Mashavu ya mtoto yakajaa. Mwalimu wake aliniambia hasinzii tena darasani, nami nikageuka upande ili asione macho yangu.

Mume wangu nilimpeleka hospitali mjini. Walimpa dawa, wakamkataza vumbi. Alikuja nyumbani na nyundo yake ikiwa imefungwa katika gunia, akaisukuma chini ya kitanda. Hakurudi Kakontwe tena. Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi, kwa sababu kikohozi kile kilikuwa kinanitisha. Lakini Kakontwe ndiyo ilikuwa sababu yetu ya kwenda Likasi. Sasa hatukuwa nayo.

Wakati huohuo jirani yangu, aliyekuwa akinisuka nywele kila Jumamosi tukicheka mpaka mate yanatutoka, aliacha kuja. Yeye hakuchaguliwa. Nyumba yake na yangu zilifanana kwa kila kitu. Nilimpelekea unga katika bakuli, akaupokea, akarudisha bakuli likiwa limeoshwa vizuri sana. Nilifunga kitambaa kichwani msimu mzima.

Ndipo yaya akaja. Hakupita tu safari hii, aliketi.

"Muke ya ndugu yangu," akasema, "Mungu amebakumbuka. Sasa mujenge nyumba ya bantu. Kiwanja iko, udongo iko."

"Yaya, tulikuwa tunafikiri kwenda Likasi, kiisha musaada."

"Likasi?" Hakupandisha sauti. "Sawa. Shamba nitapatia mwengine. Haiwezi kulala bure."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama miguu yake. Yaya alipoondoka akaniambia, "Tujenge tu. Mabati haiozi."

Tulijenga. Tulibomoa kichuguu kidogo kilichokuwa shambani, tukafyatua matofali, tukayachoma. Nilibeba maji mpaka shingo ikakaza. Mabati yalipopigiliwa kwenye miti aliyotupa yaya, watu walikuja kuyaona, na siwezi kuficha, moyo wangu ulipanda. Mvua ya kwanza ilipopiga tulikaa katikati ya chumba, tukitazama juu, tukingoja tone. Halikuja. Binti yangu alipiga makofi.

Awamu ya mwisho nilisema ni ya Likasi. Mume wangu hakubisha. Nilipanda gari la mizigo, nikamkuta mama mmoja mjane anayepangisha chumba karibu na soko. Sakafu ya saruji, dirisha moja lenye nondo. Nikamlipa avansi, kodi ya mbele. Alipotoka niliketi sakafuni. Pikipiki zilikuwa zinapita nje, na mahali fulani kwaya ilikuwa inarudia mstari uleule, inakosea, inaanza tena. Nilikaa pale zaidi ya ilivyohitajika.

Niliporudi, nilimkuta mume wangu na yaya barazani. Nikasema nimepata chumba.

"Na hii nyumba?" mume wangu akauliza.

"Tutatoa mabati, tuuzishe. Ile mabati ni ya pesa yangu."

"Ni ya pesa yako," yaya akakubali, tena kwa upole. "Lakini misumari imeingia mu miti yangu, na miti imesimama mu udongo ya baba yetu. Weye enda, hakuna mutu anakukataza. Nyumba itabakia."

Nikamgeukia mume wangu. "Sema kitu."

Aliweka mkono kifuani. "Minye nitafanya nini mu Likasi? Nibebe mizigo ya bantu na hii kifua? Hapa iko shamba, iko paa. Nimechoka, mama. Nimelala vizuri hapa, mara ya kwanza tangu miaka mingi."

Nilitaka kukasirika. Lakini nilijua anasema kweli, nilikuwa namsikia akipumua bila kukoroma mawe. Kama angekuwa mkali ningeondoka siku ileile. Niliweza kwenda peke yangu, na nililifikiri jambo hilo nikilima, nikipika, nikisali. Ningekuwa mwanamke aliyepata pesa akamwacha mgonjwa. Na yeye angerudi kwenye nyundo yake. Nyumba niliyoijenga ikanishika kuliko ile ya nyasi ilivyowahi kunishika. Ile ya nyasi ningeiacha nisigeuke nyuma.

Chumba hakikupotea. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akihangaika mjini bila mahali, alihamia humo, nikampa binti yangu akae naye. Binti anasoma sekondari sasa. Kilichobaki cha pesa nilinunulia samaki, na leo nakausha wangu mwenyewe, napeleka Likasi, nalala kwao, kesho yake narudi. Watu wa msaada walipopita mara ya mwisho kuona maendeleo, walipiga mabati picha. Niliwakaribisha viti. Yote niliyowaambia yalikuwa kweli: tunakula, mtoto anasoma, mume amepona.

Mwezi uliopita binti yangu alinisindikiza mpaka kwenye gari.

"Mama, bakia," akasema.

"Wiki ingine nitakuya."

"Hapana kukuya. Kubakia."

Nilipanda, gari lilikuwa limeshajaa.

Nilipofika nyumbani nilikuta kitanda kipya katika chumba chetu cha pili, ambamo nilikuwa naweka samaki. Mtoto wa yaya alikuwa ameoa. Mume wangu alinipokea mlangoni, akashika begi langu haraka. "Ni ya wakati kidogo tu," akasema. "Yaya aliomba."

Yaya hakuwa ameomba, nilimjua. Lakini nilikuwa na vumbi mwili mzima na nilitaka kuoga. Nikaanza kutoa magunia, nikiyapanga kando ya kitanda chetu. Bibi harusi alikuja kunisaidia kubeba. Alikuwa msichana mpole, mgeni kabisa, ametoka upande wa Mwadingusha. Tulipomaliza alinusa mikono yake, akacheka, kisha akaniuliza kama Likasi ni mbali.

Nikamwambia si mbali.