Mihrabu Katika Kanisa la Baba

Chokaa inapochomwa hutoa harufu inayokamata koo, na mimi nililelewa ndani ya harufu hiyo. Baba yangu alikuwa fundi wa mawe huku kwetu Rufiji. Alipanga magogo ya mikoko kwa duara, akamwaga juu yake matumbawe yaliyoletwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Maparoni, kisha akatia moto, na kwa siku kadhaa mji mzima ulikohoa na kumtukana. Hakujali. "Nyumba ya udongo ni ya mchwa," alikuwa akisema, "ya chokaa ni ya wajukuu." Basi padri wa Kidachi alipotaka kanisa la mawe, nani mwingine angeitwa? Waislamu watupu ndio waliolijenga, na hakuna aliyeona ajabu. Kazi ni kazi.

Lilitoka jembamba kama ukumbi, maana boriti za mikoko hazifiki mbali, na padri aliyetaka nyumba pana alinuna mpaka akazoea. Kuta zilikuwa nene, na badala ya madirisha kulikuwa na matundu ya hewa, mkono wa mtoto ndio unapita. Lakini kosa lenyewe lilionekana siku ya kubomoa jukwaa la mafundi. Watu hawa nyumba ya kusalia waliyoijua tangu kuzaliwa ni msikiti, kwa hiyo katika ukuta wa kaskazini, kuelekea kibla, walikuwa wameacha mihrabu, kile kishubaka cha imamu, nzuri yenye tao lake. Mazoea yana taabu. Padri alicheka, na mji ukacheka mwezi mzima. Baba hakucheka. Aliliziba shimo lile peke yake, mlango ameufunga, wala hakutaka hata mtu wa kumkorogea chokaa.

Haukupita mwaka, vita vya Maji Maji vikazuka. Kaka yangu Mshamu alikwenda Ngarambe kunywa maji ya dawa, akarudi amejifunga mabua ya mtama kichwani, ana hakika kwamba risasi za Mdachi zitageuka maji. Baba alimwambia, "Maji yanalainisha chokaa, mwanangu, hayalainishi risasi." Mshamu aliondoka bila kumuaga. Padri alikimbilia pwani. Maaskari walikuja wakachoma maghala yetu yote ya mpunga, tukabaki kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni, kama nguruwe, na vichanga wakafa kwa sababu mama zao hawakuwa na maziwa. Waliowakamata waliwafungia kanisani, maana ndiyo nyumba pekee waliyoiamini kuta zake. Mshamu alikuwa humo. Ilitangazwa kuwa watanyongwa Ijumaa.

Watoto tu ndio tulioruhusiwa kupeleka chakula, tukakipitishe kwenye matundu ya hewa. Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi. Siku ya Jumanne Mshamu alinishika mkono uliokuwa na ming'oko, akaninong'oneza, "Somoe, nenda kamuulize baba, ile mihrabu aliiziba kwa kitu gani? Kama ni udongo na lipu juu yake, tutaitoboa." Nilikimbia. Mafundi wote huziba hivyo, kwa udongo, kwani nani apoteze chokaa kwenye shimo? Nilimkuta baba amekaa kizingitini. Nilipomuuliza alisema, "Niliona haya, mwanangu. Niliiziba kwa mawe na chokaa tupu, imeushinda ukuta wenyewe. Mwambie asijichoshe. Mwambie asali." Mama alianguka chini palepale, akawa anakwaruza ardhi bila kutoa sauti.

Nilirudi. Mshamu alikuwa amebandika uso kwenye tundu, jicho moja tu linaonekana, ananisubiri. Nikamwambia, "Udongo." Sijitetei. Nilimpenda, na jicho lile sikuliweza. Alicheka, nikamsikia anawaambia wenzake. Jumatano na Alhamisi nilisikia wakiimba nyimbo za jembe kwa sauti kubwa, na chini ya nyimbo mkwaruzo. Ijumaa walitolewa wakanyongwa. Tulipopewa maiti tuioshe, vidole vyake havikuwa na kucha. Baba aliviangalia, kisha akaniangalia mimi. Hakuniuliza neno mpaka anakufa, na chokaa hakuichoma tena.

Leo mabasi ya Lindi yanapita Kibiti, na watoto wanafundishwa vita vile darasani kama hadithi ya mashujaa tu. Sikatai, walikuwa mashujaa. Mwaka jana mjukuu wangu alilazwa hapo Kibiti, homa imempanda kichwani. Sisi wakati ule hatukuwa na dawa wala sindano, tulikuwa na maneno tu. Yeye anavyo vyote, na bado alitaka neno. Alinishika kanga akaniuliza, "Bibi, nitapona?" Mama yake alinikonyeza niseme ndiyo. Nilimwambia sijui. Mtoto alilia sana, nami nikafukuzwa wodini. Alipona, alhamdulillahi. Mama yake hanisemeshi mpaka leo.