Saa Kumi ya Nani?

Asubuhi hiyo nilikuwa nachimba viazi na mama huko kwetu Mweiga, na nilikuwa na furaha. Naandika hiyo kwanza kwa sababu sitaki kuisahau. Saa kumi jioni nilikuwa niwe Nanyuki kwa kiwanja cha ndege, nimevaa shati nyeupe, nimeketi kiti cha kulia kando ya rubani mkuu. Alikuwa amesema safari hiyo ataniangalia vile naendesha, na nisipoharibu ataniandikia barua. Barua ndiyo kila kitu. Ukiwa na barua unalipwa kila mwezi. Bila barua unalipwa kwa safari, na mvua ikinyesha wageni hawaji, na wageni wasipokuja wewe si rubani. Wewe ni msichana ako na leseni kwa mfuko wa nailoni chini ya godoro.

Watu hawaamini. Wakisikia rubani wanaona gari na nyumba ya mawe. Hapa kwetu kila mtu ananiita Kapteni, na mimi si kapteni, mimi ni msaidizi wake, na hata huo usaidizi ni wa kuitwa. Jirani yetu mmoja hubebea wazungu mizigo kule Naro Moru wakipanda mlima. Tulikutana dukani akaniuliza, "Kapteni, mwezi huu umepaa mara ngapi?"

Nikamwambia tatu.

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Mimi nimepanda nne, na miguu! Kuja nikupatie mzigo, Kapteni. Angalau sisi tunalipwa na tunapewa chakula."

Watu wa duka wakacheka. Mimi pia nikacheka. Nikanunua sabuni ile ndogo nikaenda.

Na si ati kampuni haina kitu. Wanajua tu. Wanajua tuko wengi tumemaliza shule ya urubani na hatuna masaa ya kutosha hewani, na bila hayo masaa hakuna kampuni kubwa itakuangalia. Kwa hivyo utakuja tu, hata wakikupa nini. Kuna kijana mmoja wa Timau alikuwa anakuja karibu kila asubuhi, yunifomu imepigwa pasi, anakaa kwa benchi, labda kuna mtu hatafika.

Baba na mama waliuza shamba ya chini, ile inafika mtoni, ndio nisome. Hawajawahi kunikumbusha. Hawana haja. Nikienda kuteka maji napita kando ya ua ya yule aliyenunua.

Mbaya zaidi ni kwamba naipenda hii kazi. Kama singeipenda ningeenda kuuza nguo Nyeri mjini yaishe. Lakini kuna ile dakika mnapita katikati ya mlima na safu ya Aberdare, mawingu yako chini, ile barafu kidogo imebaki pale juu inang'aa kama mabati mapya, na rubani mkuu anatoa mikono yake kwa usukani anasema, "Ni yako." Halafu ni mimi nimeishika. Watu tisa wako nyuma wanapiga picha na hawajui. Siku kama hiyo hata njaa sisikii mpaka jioni.

Sasa, hiyo safari ya saa kumi. Siku iliyotangulia nilikuwa nimeenda sokoni kutafuta magunia, simu nikaiacha nyumbani ikichajiwa. Kurudi nikapata mama amesimama mlangoni, uso wote umefunguka.

"Maitu, ofisi wamepiga!" Huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Wamesemaje?"

"Ni kesho. Saa kumi."

"Saa kumi jioni?"

"Sasa ndege itatoka saa kumi ya alfajiri, na hiyo giza yote?"

Hapo alikuwa amesema kweli, sisi haturuki na giza. Nilishangaa kidogo, kwa sababu safari zetu nyingi ni za asubuhi. Ningepiga niulize. Lakini wiki hiyo nilikuwa nimempigia yule mtu wa kupanga safari mara tatu, na mara ya tatu akaniambia, "Madam, wacha kunisumbua, tutakupigia." Basi sikupiga. Nikajiambia hata ni vizuri, asubuhi tumalize ile mistari imebaki, mchana nioge, niende.

Tulianza saa kumi na mbili na nusu, baridi inauma vidole. Simu niliiacha ndani isiingie mchanga. Saa moja na kitu nikasikia injini. Ndege yetu ina mlio wake, kama mtu anapasua kitambaa kirefu polepole. Nikasimama.

"Mama, hiyo ni yetu."

Mama hupungia ndege zote mkono, hata za jeshi. Akavua leso ya kichwa akaipeperusha. Mimi nikainua jembe juu. Ndege ikapita juu ya miti ya jirani, ikielekea Nairobi.

"Nani anaendesha?" mama akauliza.

"Labda ni wale wengine," nikasema, nikarudi kuchimba.

Tulipoingia kunywa chai nikachukua simu. Nilikuwa nimepigiwa mara kumi na moja. Nikampigia yule mtu wa ofisi mikono ikiwa bado na mchanga.

"Uko wapi?" akasema.

"Niko nyumbani. Si ni saa kumi?"

"Saa kumi ya nani?" akauliza.

"Uliambia mama yangu saa kumi."

"Mimi? Nilimwambia four Zulu. Nikamwambia wewe utajua."

Na ningejua. Zulu ni saa ya marubani. Dunia nzima tunatumia hiyo moja ndio tusichanganyikiwe, na iko nyuma ya saa ya Kenya kwa masaa matatu. Four Zulu ni seven asubuhi hapa kwetu, saa moja. Mama alisikia four, akafanya vile kila mtu hapa hufanya akiambiwa saa na Kizungu. Akaigeuza. Four ni saa kumi. Hata hakukosea.

"Na Zulu?" nikamuuliza. "Mama, hakusema Zulu?"

"Alisema." Alikuwa ameshika kikombe na mikono miwili. "Mimi nilidhani ni jina ya mgeni. Nikaona ni mzee fulani wa South Africa utabeba. Sikujua jina yake ni ya maana."

Siku nyingine ningecheka mpaka nilie.

Nilifika Nanyuki saa sita. Ndege ilikuwa imesharudi, na rubani mkuu alikuwa amesimama kivulini chini ya bawa akinywa chai. Yule kijana wa Timau alikuwa anapangusa kioo cha mbele. Hakuniangalia.

"Umekuja mapema," rubani mkuu akasema. "Nimesikia wewe yako ilikuwa ya saa kumi."

"Nilisikia vibaya, sir."

"Rubani hajui Zulu?"

"Naijua."

"Basi ilikuwa nini?"

Ningesema ni mama. Niliangalia kucha zangu, zilikuwa nyeusi. Nikauliza kama barua amepewa yule kijana.

"Hataki barua," akasema. "Ameambia ofisi ataruka bure mpaka afikishe masaa yake. Hiyo ndiyo wamependa."

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hata mimi. Nitaruka bure." Nilisema kwa sauti, mafundi wakageuka. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikilalamika ati hiyo pesa ni ya matusi, na sasa nilikuwa naomba niachwe nifanye bila hata hiyo.

Rubani mkuu akamwaga chai iliyobaki kwa nyasi. Alionekana ameona aibu, sijui ni yangu ama ni yake. "Ungesema jana," akasema. "Enda nyumbani. Tutakupigia."

Mama nilimwambia hivyo tu, kwamba watapiga. Lakini kesho yake nilikuta ameandika kwa kalenda ya ukutani, na herufi zake kubwa: ZULU ONGEZA TATU.

Sasa ni wiki tatu. Simu natembea nayo mfukoni hata shambani, nimeifunga kwa nailoni. Leo asubuhi tulikuwa tunajaza magunia, tukasikia ule mlio. Niliinua kichwa. Mama hakugusa leso yake.

"Ni saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa moja na robo."

Akahesabu na vidole, midomo inasonga, akirudi nyuma moja moja. Ndege ikapita juu ya miti, ikaenda.

"Four na robo," akasema. "Ya Zulu."

Halafu akainamia viazi.